Permi ya Godefroid

Hervé alileta habari ya kazi siku ya Jumapili, watu walipokuwa wametoka misa, na kama ilivyokuwa desturi ya nyumba ile hakupewa kiti. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, viatu vimejaa grisi. Shemeji yake Godefroid alikuwa amekaa kwenye kiti pekee chenye mito, akisoma gazeti la mwezi uliopita kana kwamba limetoka asubuhi hiyo.

"Tajiri yangu, Mama Élisabeth, alinunua kamiyo ya pili," Hervé alisema. "Benz. Anatafuta shofere. Minye nilimutajia jina yako."

Godefroid aligeuza ukurasa. "Jina yangu mu maneno ya mashofere?"

Alikuwa karani wa mahudhurio katika kiwanda cha shaba cha Shituru, mjini Likasi. Miaka yote ya kazi yake alikaa nyuma ya kidirisha, kalamu sikioni, akiandika nani ameingia na nani amechelewa, na wanaume wenye mikono mara tatu ya mkono wake walimvulia kofia wakimwomba awasamehe dakika tano. Hakuwahi kuwasamehe. Madereva ndio aliowadharau kuliko wote. Alisema wananuka mazuti, wanatukana, na wana mwanamke kila kituo. Hervé, mdogo wa mkewe, alipoanza kuendesha lori, Godefroid alitangaza kwamba katika ukoo wake hapakuwahi kutokea mtu wa namna hiyo. Tangu siku hiyo Hervé alipokuja kusalimia alilishwa uani, kwenye benchi la kufulia nguo.

Lakini mwaka 1994 haukumwogopa karani yeyote. King'ora kilichokuwa kikiamsha mtaa mzima wa Panda kilikuwa kimenyamaza. Mara ya mwisho kampuni ilipolipa, ililipa unga wenye wadudu. Godefroid aliendelea kufunga tai kila asubuhi na kutembea hadi Shituru, akakae na makarani wenzake mbele ya kidirisha kilichofungwa kwa mbao, wote wakilaani serikali kwa Kifaransa kizuri mpaka jua liwachoshe. Kilichoilisha nyumba ni mikate ya mkewe Madeleine, aliyoioka uani katika furu ya chuma waliyoundiwa na mafundi wa kiwanda enzi za neema.

"Kazi ya shofere ni kazi," Madeleine alisema akiwa jikoni.

"Weye nyamaza. Minasema na ndugu yako."

Hervé alizungusha kofia mikononi. "Mulamu, sikia. Unakuya na minye mu kamiyo kama convoyeur. Unafunga mizigo, unatia maji mu radiateri. Kidogo kidogo nakupatia volani, unaendesha. Ukijua muzuri, njo tunatafuta permi, karatasi ya kuendesha. Hautalipa franga hata moja."

"Convoyeur," Godefroid alirudia, kama mtu aliyeuma jiwe katika wali. "Minye nifunge mizigo ya weye?"

"Siye bote tulianzaka vile."

"Bote nani? Bale bahakusoma."

Hervé alivaa kofia yake, akamuaga dada yake na kuondoka. Madeleine alimfuata hadi barabarani na mkate uliofungwa katika karatasi. Aliporudi alimkuta mumewe amesimama katikati ya sebule, gazeti limeanguka. Alikuwa anafikiri. Madereva wa malori walikuwa wanarudi kutoka mpakani na sukari na blanketi, na wake zao walikuwa wamenenepa. Huo haukuwa uongo. Kama ni lazima mtu awe shofere, aliwaza, basi ataingia kwa mlango wa watu waliosoma.

*

Mlango huo ulikuwa karibu na soko, katika duka lililoporwa mwaka 1991 na ambalo halikuwahi kurudishiwa vioo. Mwenye shule ya udereva, Monsieur Théodore, alikuwa mtu mfupi mwenye suti ya kahawia na sauti ya padre wa redioni. Nyuma yake palining'inia ubao uliochorwa alama za barabarani, nyingine zikiwa za nchi zenye theluji.

"Kwa permi ya magari makubwa," alisema, akihesabu kwa vidole, "tunahitaji picha passeport ine. Cheti cha kuzaliwa. Cheti cha tabia njema. Cheti cha daktari: macho, masikio, moyo. Halafu kuna malipo: frais ya kujiandikisha. Frais ya masomo. Frais ya dossier. Frais ya examen." Alinyamaza, akasafisha koo. "Na motivation ya examinateur."

"Hiyo ya mwisho ni nini?"

"Ni heshima tu, Monsieur. Weye ni intellectuel, unaelewa."

Godefroid alielewa. Hakuna aliyemwita intellectuel, msomi, tangu kidirisha kilipofungwa, na neno hilo lilimwingia kama kinywaji kikali tumbo likiwa tupu. Aliuliza jumla. Monsieur Théodore aliandika tarakimu kwenye kiganja chake mwenyewe, kwa dola, akamwonyesha kwa siri kama mtu anayeonyesha kidonda. "Pesa ya Zaïre pia tunapokea," aliongeza. "Lakini ya leo, kabla ya saa sita. Kesho hatutajua itakuwa nini."

"Na gari la kujifunzia?"

"Liko nyuma. Kamiyo kabisa. Magurudumu sita."

Godefroid hakuomba kuliona. Aliona si adabu.

*

Siku ya tatu Madeleine alikuwa anarudi kutoka sokoni, beseni tupu kichwani, alipowaona wanaume wawili wakivuka barabara na furu yake. Walikuwa wameibeba kwa vyuma, kama jeneza. Mbele yao alitembea jirani, Mama Albertine, akiwaelekeza wasikwaruze ukuta wake.

Madeleine hakumuuliza Albertine kitu. Aliingia ndani na kuweka beseni chini.

"Furu inaenda wapi?"

"Ni kwa masomo," Godefroid alisema. Alikuwa amevaa koti tayari.

"Masomo ya nani?"

"Ya siye bote. Nikipata kazi nitakununulia furu mbili, za umeme."

"Haukuniuliza."

"Nikuulize? Ile furu ilitoka na mushahara ya nani?"

Ni kweli ilitoka na mshahara wake, na Godefroid alijua kwamba hilo litamziba mkewe mdomo. Madeleine alikaa kwenye kizingiti akavua viatu, akavipangusa vumbi kwa pindo la kitenge, kimoja kimoja, ingawa havikuwa na vumbi kubwa.

"Kesho Daniella atakula nini?" aliuliza mwishoni. Daniella alikuwa binti yao, aliyekuwa anasoma chumba cha pili na aliyesikia yote.

"Mutatafuta. Banamuke munajua kutafuta."

Asubuhi iliyofuata harufu ya mkate ilitoka upande wa pili wa barabara. Madeleine alivumilia siku chache, kisha akamtuma Daniella na fedha kidogo alizokuwa nazo. Mtoto alirudi na mikate miwili myeusi chini. "Mama Albertine alisema mbele ya batu," Daniella alieleza bila kumtazama mama yake, "'Mumupatie ile iliungua, ni ya Mama Madeleine, tumusaidie.'"

Walikwangua masizi kwa kisu. Godefroid alikula sehemu yake akiwa na kitabu cha kanuni za barabarani wazi mbele yake, akitembeza midomo.

*

Lori la shule lilikuwa na magurudumu sita kweli. Yalilala pembeni, chini ya turubai, na lenyewe lilikaa juu ya matofali. Injini haikuwepo. Aliyeinua boneti aliona majani na, siku moja, kuku aliyeatamia.

Hakuna aliyepiga kelele. Hilo ndilo jambo la ajabu, au labda si la ajabu. Wanafunzi walikuwa makarani wawili wa posta, mwalimu wa jiografia ambaye hajalipwa tangu lini, nani ajuaye, mfanyabiashara wa chumvi na Godefroid. Wote walikuwa wameuza kitu nyumbani, na mtu aliyeuza kitu hapendi kuwa wa kwanza kusema kwamba ameibiwa. Walipanda mmoja mmoja kwenye kiti cha dereva. Monsieur Théodore alisimama chini na kupaza sauti: "Première! Deuxième! Kona kulia! Mbele kuna mbuzi!" Mwanafunzi alikanyaga pedali zisizoshikamana na kitu, akazungusha usukani uliozunguka bure kama kifuniko cha mtungi. Mfanyabiashara wa chumvi alikuwa akinguruma kwa mdomo, kuanzia gia ya kwanza hadi ya nne, na alinguruma vizuri hata watoto wa sokoni walikuja kumshangilia ukutani. Godefroid alimwona mshamba. Yeye aliendesha kimya.

Kwenye nadharia hakuwa na mshindani. Alijua umbali wa kusimama kwenye barabara yenye barafu. Alijua nani ana haki ya kupita kwanza kwenye mzunguko wa njia tano, katika mji ambao haukuwa na taa hata moja inayowaka. Monsieur Théodore alimsifu mbele ya wengine, naye alirudi nyumbani kila jioni akitembea katikati ya barabara, mabega yamepanda.

Cheti cha daktari alikinunua kwa muuguzi langoni mwa zahanati. Muuguzi aliandika kwamba macho ni mazuri bila kuinua yake. Cheti cha tabia njema kilitoka kwa mtu mwenye mhuri ndani ya soksi. Kuhusu mtihani, alikuja bwana mmoja aliyetambulishwa kwao kama examinateur, akala kuku mzima ofisini, akafuta vidole kwa karatasi za majibu, kisha akatoka kulitazama lori juu ya matofali. Alilitazama kwa muda.

"Nani anajua kuendesha hii?" aliuliza.

Wote waliinua mikono.

"Basi," alisema, na kupiga mihuri.

Permi ilikuwa kadi ya waridi, yenye picha ya Godefroid amefunga tai. Aliipitisha mezani ili Madeleine aione, lakini hakumwachia aishike.

"Sasa unajua?" Madeleine aliuliza.

"Soma. Imeandikwa hapo."

*

Mama Élisabeth alikuwa mwanamke mkubwa aliyefanya biashara zake zote akiwa amekaa juu ya gunia la chumvi, katikati ya uwanja wake karibu na reli. Aliichukua permi, akaigeuza, akairudisha. "Ni karatasi muzuri," alisema. "Hervé, huyu anajua?"

Hervé alimtazama dada yake, aliyekuwa amewasindikiza na kusimama langoni. "Ataanza na minye," alijibu. "Tutasaidiana."

Hivyo Godefroid alipanda katika lori la Hervé, kiti cha abiria, na kwa wiki nyingi alisafiri hadi Lubumbashi na kurudi kama mkubwa anayekagua barabara. Mizigo hakufunga. Maji hakutia. Lori lilipokwama kwenye tope alishuka na kusimama kwenye majani, suruali ameishika kwa vidole viwili, akisubiri wengine walikwamue. Abiria walimwita Monsieur le Directeur, na yeye, maskini, hakutambua kwamba wanamcheka.

Mara moja tu alishika usukani. Ilikuwa mbele ya Kapolowe, barabara nyeupe, hakuna hata baiskeli. "Mulamu, shika," Hervé alimwambia kwa upole. "Hakuna muntu wa kukuona. Shika tu."

Walibadilishana viti. Godefroid alitia gia, na lile dude likaruka mbele kama limepigwa kiboko, likazima. Akajaribu tena, likazima. Mara ya tatu liliondoka, na alipohisi uzito wote ule ukimfuata nyuma, tani juu ya tani, aliachia usukani na kukanyaga kila pedali aliyoipata. Lori lilisimama. Jasho lilikuwa limelowesha kola. Hervé alicheka, hakucheka kwa ubaya, alicheka kama wanavyocheka madereva wote wakikumbuka siku yao ya kwanza. Lakini Godefroid hakuwahi kuchekwa na mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa akimlisha kwenye benchi la kufulia. Alishuka, akazunguka, akapanda upande wa abiria na kufunga mlango.

"Usinishikishe tena bintu yako," alisema.

Hervé aliendesha hadi Likasi. Hakumwambia mtu ila dada yake.

*

Wiki ya mwanzo wa mvua Hervé alilala na malaria, akiongea na watu wasiokuwepo. Lori lilikuwa limepakiwa mahindi, na juu ya mahindi walikaa abiria: wanawake wa biashara, wanakwaya wa kanisa la maombi waliokuwa wanaenda kwenye mkesha Lubumbashi, na mzee mmoja, Jean, anayekwenda kumzika dada yake. Madeleine pia alikuwa juu. Alikuwa ameanza kuuza unga wa watu wengine na alikuwa anaenda kununua.

Mama Élisabeth alisimama uwanjani na kupiga makofi. "Godefroid! Iko wapi muntu wa permi?"

Godefroid alitoka kwenye kivuli. Abiria wote walimtazama. Angeweza kusema anaumwa. Angeweza kusema macho, tumbo, msiba. Hata baadaye, alipokuwa anajitetea, hakuweza kueleza kwa nini hakusema. Labda ni kwa sababu mwanakwaya mmoja alisema, "Huyu ni shofere wa kweli, angalia tai yake." Alipanda, safari hii mlango wa kushoto, wa dereva.

Madeleine alimwona kutoka juu. Alimruka mwenzake, akashuka kwa kamba, akateleza, kitenge kikachanika, akakimbia mbele ya lori na kusimama, mikono juu ya boneti. Injini ilikuwa tayari inawaka.

"Shuka," alisema.

Godefroid alipiga honi.

"Shuka, baba Daniella. Batu bako yulu ya mahindi. Haujue kuendesha, unajua weye mwenyewe haujue."

Uwanja ulilipuka, na haukumlipukia Godefroid. Wanawake wa biashara walipiga kelele kwamba wanachelewa, na soko la Lubumbashi halimsubiri mtu. Mmoja alisema ni wivu, anaogopa bwana atapata franga na kumwacha. Kiongozi wa kwaya, kijana mwenye Biblia katika mfuko wa plastiki, aliinama kutoka juu na kumkumbusha kwamba mume ni kichwa cha mke. "Mama, roho ya kuvunja nyumba inakutumia," alisema. "Toka mu njia!"

"Hajue kuendesha," Madeleine alirudia, sasa akimgeukia Mama Élisabeth. "Muulize Hervé."

"Hervé anasema na batu balikufa saa hii," Mama Élisabeth alijibu. Mahindi yale yalikuwa yanaanza kupata joto. Alimtazama Godefroid kupitia kioo. "Weye. Unajua ao haujue?"

Ilikuwa nafasi ya mwisho, tena alipewa kwa adabu, mbele ya watu, na mtu ambaye hakuwa na sababu ya kumheshimu. Godefroid aliingiza mkono katika mfuko wa shati, akatoa ile kadi ya waridi na kuibandika kwenye kioo.

Walimvuta Madeleine pembeni. Mwanamke mmoja alimshika mkono, mwingine akamshika kiuno, wakimwambia pole pole, mama, aibu gani hii. Lori lilitoka uwanjani kwa kuruka, abiria wakacheka na kuanza wimbo. Lilipita duka la kwanza, likapita la pili. Penye mteremko kabla ya reli Godefroid alitafuta gia ya kushukia na kupata sauti ya chuma kinachosagwa. Lilianza kukimbia. Wimbo ulikatika. Alikanyaga alichodhani ni breki, na labda ilikuwa breki, lakini mikono ilikuwa tayari imekwenda upande mwingine. Lori liliparamia tuta, likainama, likalala ubavu taratibu kabisa, kama ng'ombe anayechoka, na magunia yakamiminika juu ya watu.

Hakufa mtu. Walilisema hilo kwa wiki nzima kana kwamba ni sifa ya Godefroid. Kijana wa Biblia alivunjika mkono. Wanawake wawili walipoteza meno. Mzee Jean alitolewa chini ya mahindi, paja limevunjika mahali pawili, na dada yake alizikwa bila yeye. Godefroid alitoka kupitia dirishani bila mkwaruzo, akasimama barabarani akitafuta kiatu.

Madeleine alifika akikimbia. Mumewe alipomwona alimnyooshea kidole.

"Ni weye," alisema kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Weye njo ulinilaani mbele ya safari."

Na walikuwepo, wakiwa wamekaa kwenye majani na damu midomoni, walioitikia kwa kichwa.

*

Lori lilitengenezwa kwa mshahara wa Hervé. Mama Élisabeth alisema aliyemleta mtu ndiye anayemlipia, na Hervé, bado macho ya njano, hakubisha. Godefroid alikaa mahabusu siku chache, akatolewa kwa blanketi la mwisho la nyumba na saa yake ya mkononi. Alirudi kwenye kiti chenye mito na kuacha kuzungumza. Usiku wa kwanza tu Madeleine alimsikia akilia, ameugeukia ukuta. Aliunyoosha mkono kumgusa, naye akasogea.

Madeleine hakuwa na muda wa kungoja. Alikwenda kwa Mama Élisabeth na kusimama mbele ya gunia la chumvi.

"Natafuta kazi. Convoyeur."

Mama Élisabeth alicheka mpaka gunia likatikisika. Kisha akaacha. "Siku ile ningekusikia weye, ningekuwa na kamiyo muzima," alisema. "Utapanda na Hervé. Nitakulipa nusu ya mwanaume."

"Kazi ni nusu?"

"Kazi ni nzima. Njo maana nakupenda."

Alikubali, kwa sababu nusu ilikuwa zaidi ya alichokuwa nacho. Alifunga mizigo hadi viganja vikawa ngozi ya kiatu. Alitia maji. Alilala chini ya lori, juu ya katoni, akimpa Hervé funguo za nati. Wanaume vituoni walimtania maneno ambayo Hervé alijifanya hayasikii, maana dada yake alimwomba asipigane. Na mbele ya Kapolowe, pale pale, Hervé alimpa usukani. Lilizima. Alicheka yeye wa kwanza, akaliwasha tena. Mvua zilipokwisha alikuwa anapanda milima na tani kumi nyuma, na zilipoanza tena Hervé alikuwa anasinzia pembeni yake.

Nyumbani walikula. Siku moja Madeleine aliweka sahani ya Hervé mezani, na Godefroid akachukua yake akaenda kula chumbani.

Wakati huo naye alikuwa amepata kazi. Monsieur Théodore mwenyewe alikuja kumwona, suti ile ile, akatoa pole kwa yaliyotokea. Mwalimu wake wa nadharia alikuwa amekimbilia Zambia. "Nahitaji muntu mwenye Kifaransa," alisema, "mwenye permi, na aliyeiona barabara. Weye uliona hata accident. Wanafunzi watakuheshimu." Jumatatu Godefroid alifunga tai. Madeleine alimtazama akitoka, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao hakumwambia njia njema.

*

Mama Élisabeth alipotaka kumkabidhi Madeleine lori la pili, ambalo shofere wake alikuwa ameacha kazi, alisema sasa apate permi, maana askari wa vizuizini wakimkuta mwanamke bila karatasi watamla mpaka mifupa. Shule ilikuwa moja tu. Madeleine aliliegesha lori mbele ya lile duka lisilo na vioo, Hervé akabaki ndani, na yeye akaingia na mkoba wa karatasi.

Godefroid alikuwa mezani. Nyuma yake, kwenye benchi, wanaume sita walikuwa wananakili alama za theluji. Alimtazama mkewe kama alivyowatazama watu kidirishani zamani.

"Ni kwa kitu gani, Mama?"

"Permi ya kamiyo."

Alizipokea karatasi moja moja. Picha nne. Cheti cha kuzaliwa. Tabia njema. Daktari. Alizipanga, akazinyoosha, akatafuta kosa na hakulipata. Fedha alizisogeza pembeni bila kuziangalia. Kisha akakumbuka kitu, na uso wake ukapata rangi ambayo Madeleine hakuiona tangu Shituru.

"Inakosekana moja. Mwanamuke aliyeolewa analeta ruhusa ya bwana yake, kwa maandishi. Ni sheria."

Wanaume wa benchi waliacha kuandika.

"Bwana yangu ni weye," Madeleine alisema.

"Hapa minye si bwana ya muntu. Hapa ni ofisi. Unapaswa kumuomba ku nyumba."

"Namuomba hapa. Anasema nini?"

Godefroid alichukua kalamu, akaifunua, akaitazama ncha yake. Kwa muda mfupi ilionekana kama ataandika. Kisha akaifunika, akairudisha sikioni.

"Anakatala," alisema.

Madeleine alikusanya picha zake na vyeti vyake na fedha zake. Hakupaza sauti. Mmoja wa wanafunzi alimpisha, na alipokuwa anapita alimwinamia, kijana mwenye shati lenye viraka vizuri vya mke anayejua kushona. "Weye uliuza nini?" alimuuliza.

"Mashini ya muke wangu ya kushona," kijana alinong'ona.

"Enda ukairudishe."

Nje alipanda upande wa kushoto. Hervé alimuuliza wamesema nini.

"Bwana yangu anakatala."

"Sasa tunafanya nini?"

"Mahindi iko yulu, Hervé. Tunaenda."

Alishuka mteremko wa reli kwa gia ya pili, polepole, akatoka mjini. Kwenye kizuizi cha kwanza askari aliyevaa kandambili alinyanyuka kwenye kiti, akaona nani yuko kwenye usukani, akaja haraka kuliko kawaida.

"Permi!"

"Iko ku nyumba," Madeleine alisema. "Bwana yangu njo iko nayo."

"Na bwana yako iko wapi?"

"Ku masomo. Anafundisha batu kuendesha."

Askari alimtazama, akamtazama Hervé, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mlango wa lori asianguke. Akamwita mwenzake aje asikie. Walipomaliza kucheka alinyoosha mkono, kama alivyonyoosha kwa wenye permi na wasio nayo, akapewa kile walichopewa kila siku, na mti ukainuliwa. Madeleine alitia gia ya kwanza, akasubiri mbuzi wavuke, akaondoka.